Njia ya Uani kwa Uwamwezi

Uwamwezi alikuwa fundi cherehani mwenye bahati ya mahali. Kibaraza chake cha saruji kiliitazama gare ya Kamembe, kituo cha mabasi, uso kwa uso, na kila gari lililoshusha abiria lilimshushia na mteja: suruali iliyopasuka njiani, zipu iliyokufa kwenye foleni ya mpakani, sketi ya msichana wa shule iliyopaswa kuteremshwa kabla baba yake hajaiona. Mji ulikuwa na mafundi wenye mikono bora kuliko yake, na yeye alilijua hilo. Walikaa nyuma ya soko wakisubiri. Uwamwezi hakuwahi kusubiri.

Kibaraza kilijengwa na marehemu mumewe, fundi viatu wa ukoo wa Waswahili wa Kamembe, mtu wa swala tano na maneno machache. Nyuma ya kibaraza kulikuwa na nyumba, na nyuma ya nyumba ua mwembamba mrefu, ulioshuka na mteremko hadi kwenye nyumba za majirani. Majirani hao hawakuwa na njia nyingine fupi ya kufika gare. Iliyokuwepo ilizunguka chini kwenye maghala ya saruji, na mvua ikinyesha iliwaangusha hata vijana. Kwa hiyo walipita uani kwa Uwamwezi, kati ya jiko lake na kamba yake ya nguo. Kila mmoja akifika kwenye kona ya jiko alisema, "Hodi Mama, tunapita," naye kutoka kibarazani alijibu, "Piteni," bila kuondoa mguu kwenye pedali.

Katika familia za namna yake, kumfungia jirani njia ni aibu inayofuata watoto mpaka kwenye harusi zao. "Kwangu hakuna mlango" ni sifa ambayo mtu hupenda isemwe siku ya mazishi yake. Uwamwezi hakuwa na subira ya kungoja mazishi. Alijisifia mwenyewe, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na hasa mbele ya wageni.

Basi mgeni akaja. Aliitwa Josiane, mpangaji miji, kijana aliyetumwa kutoka Kigali na mradi uliopewa kazi ya kuupanga upya mtaa wa gare. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na hakuna aliyeupinga. Magari yangebaki pembeni. Abiria angeshuka na kutembea kwa miguu katika njia pana yenye miti, bila pikipiki kumgusa kiwiko. Pande zote mbili zingesimama nyumba za ghorofa, chini maduka na karakana, katikati ofisi, juu makazi. Wenye viwanja wangeviunganisha. Ambaye kiwanja chake kilifikia kipimo angepata duka la chini linalotazama njia. Ambaye chake kilipungua angepewa chumba juu, kwa nyuma.

Uwamwezi aliuelewa mpango huo haraka kuliko wote. Aliuliza swali moja tu, kama kiwanja chake pamoja na ua kinafika kipimo, akaambiwa kinafika. Tangu hapo alikuwa mhubiri wa mradi. Aliwaambia wateja kwamba atakuwa na duka la kioo, na mbele yake watu watatembea kutwa nzima, na mtu anayetembea huona nguo yake imechanika; anayepanda pikipiki haoni.

Josiane alikuwa na kazi ya kujua watu wanatembea wapi hasa. Alikuja akaketi kibarazani, akapewa chai ya tangawizi na andazi.

"Mama, watu wengi wanapita hapa kwako?"

"Wengi? Bote! Weye kaa tu, utabaona. Batoto ba shule, bamama ba soko, hata ule mulevi wa kule chini."

"Na hujawahi kumzuia mtu?"

"Kuzuia? Miye? Madame, kwangu hakuna mlango. Bwana yangu alikufa na ile neno mu kinywa. Hapa ni njia ya bantu bote."

"Njia ya watu wote," Josiane alirudia, na akatabasamu kwa furaha ya kweli. "Ndiyo kitu tunachotafuta, Mama. Mji mzima unafungwa kuta, wewe umeacha wazi."

Uwamwezi akamwongezea andazi.

Ramani ilipobandikwa ukutani pa ofisi ya mtaa, wenye viwanja walikwenda kuitazama. Uwamwezi aliitafuta nyumba yake akaiona. Aliutafuta ua wake akauona umepakwa rangi ya kijani kibichi, sawasawa na njia nyingine zote za waenda kwa miguu, ukiteremka toka gare hadi nyumba za nyuma. Kiwanja chake kilichobaki kilikuwa kama kipande cha sabuni kilichotumika.

Habimana, jirani wa nyuma, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa amesimama hapo akiwa ameshaelewa. Njia ya kijani ilipita mbele ya mlango wake. Nyumba yake iliyokuwa nyuma ya nyumba za watu sasa ilikuwa na uso, na pamoja na uso duka la chini. Ilikuwa hivyo kwa majirani wote waliozoea kupita.

"Mama," alisema Habimana, "umekuwa barabara kubwa. Bulivadi."

Watu wakacheka. Uwamwezi naye alicheka kidogo, kwa kuwa bado aliamini ni kosa la mchoraji.

Josiane alimsikiliza kwa adabu. Hakumdanganya na hakumficha kitu. Mahali ambapo umma umepita miaka yote bila kuzuiwa, alieleza, mradi hupachukua kama njia, na njia haihesabiwi katika kiwanja cha mtu. Kama Mama anapinga, aliseme jambo hilo kwenye inteko, mkutano wa wakazi wa Jumanne, na wakazi wataamua. Alete mtu wa kuthibitisha kwamba ua ule una mwenyewe.

"Lakini banapigaka hodi!" Uwamwezi alisema. "Muntu anapiga hodi ku barabara?"

"Hilo ni swali zuri," alisema Josiane. "Wao waseme kwamba walipiga hodi."

Uwamwezi alianza na Habimana, kwa sababu mkewe aliwahi kushonewa kitenge bure alipofiwa. Alimkuta amekaa nje anakata kucha.

"Papa Habimana, weye ukipitaka kwangu unasemaka nini?"

"Nasema habari ya asubuhi."

"Mbele ya habari. Ku kona ya jiko."

"Hodi?" Habimana aliendelea na kucha zake. "Mama, miye nasemaka hodi hata ku choo ya gare. Sasa choo ni nyumba ya muntu?"

Mkewe, ndani, alicheka mpaka akakohoa.

Alizunguka nyumba zote za nyuma. Wengine walisema hawakumbuki, wengine walisema watafikiri, na mmoja alimuuliza kama bei ya kushona itapanda akiwa ghorofani. Hawakuwa na chuki naye. Kila mmoja alikuwa tu ameshaona kwenye ramani mahali ambapo duka lake litakuwa. Jioni hiyohiyo walipita uani kama kawaida, na walipofika kwenye kona ya jiko walinyamaza. Uwamwezi alikaa akawasikia wakipita kimya, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopita mbele ya msikiti wakati wa swala.

Hapo ndipo alipomkumbuka Jolie.

Katika miaka yote ya ule mlango uliosemwa haupo, kulikuwa na mtu mmoja aliyerudishwa. Jolie alikuwa mwanamke wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, aliyepanga chumba kwa majirani wa nyuma. Alinunua sambaza, vidagaa vya ziwani, alfajiri, akawauzia watu wa gare kwa kujificha, kwa sababu kuuza barabarani hakuruhusiwi, kisha akavuka na zilizobaki kwenda kwao. Siku moja alikuja na beseni kichwani, akapiga hodi. Uwamwezi alikuwa ametundika kwenye kamba gauni jeupe la bibi harusi, lililokwisha kulipiwa, na maji ya samaki yalikuwa yanadondoka. Angeweza kusema "Mwanangu, leo zunguka." Lakini majirani walikuwa wamekaa pale, na yeye alikuwa na ulimi wa kuchekesha majirani. Alisimama akasema, "Rudisha harufu yako Bukavu. Hapa ni nyumba ya bantu." Majirani walicheka sana, Habimana alipiga paja. Jolie aligeuka na beseni lake, akateleza kwenye maghala, na sambaza zilimwagika kwenye tope. Tangu siku ile alizunguka, mvua au jua.

Mtu mmoja aliyekatazwa anatosha. Uwamwezi alijifunga mtandio na kuteremka hadi karibu na daraja la Rusizi ya Pili, ambako wanawake wa Bukavu hukaa wakipanga mizigo kabla ya kuvuka.

"Maman Uwamwezi!" alisema Jolie, bila kuinuka. "Mupaka huku? Harufu haikusumbue?"

"Jolie, mwana yangu. Nimekuja kukuomba."

"Leo niko mwana yako."

"Jumanne ku inteko. Sema tu kweli. Sema nilikukatalia njia."

"Njia gani, Maman?"

"Ya kwangu. Ile siku ya nguo nyeupe."

Jolie alifikiri, au alijifanya kufikiri. "Sikumbuke muzuri. Unikumbushe. Ulisema nini? Sema na sauti, hawa bamama hawakukuwako."

Wanawake waliacha kupanga samaki. Uwamwezi alitazama mto, akatazama lori lililokuwa linasubiri kukaguliwa, kisha akasema yale maneno yote, toka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Ya bantu," alisema mwanamke mmoja mnene. "Sasa siye tuko nini? Mbuzi?"

"Mbuzi iko na bei," alisema mwingine. Wakacheka wote isipokuwa Jolie.

"Sasa nimekumbuka," Jolie alisema polepole. "Bon. Jumanne nitakuja, Maman. Nitavaa kitenge mupya."

Uwamwezi alimshika mikono miwili, mikono yenye magamba ya samaki, na hakuifuta yake baadaye. Alinunua sambaza ambazo hakuzihitaji. Akapanda kilima hadi nyumbani akiwa mwepesi, akazikaanga, akala.

Jumanne alasiri wakazi walikusanyika kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya gare. Josiane alieleza jambo bila kuegemea upande. Kiongozi wa mtaa, mtu mpole aliyetaka kurudi nyumbani mapema, aliuliza kama yuko mtu yeyote aliyewahi kuzuiwa kupita uani kwa Mama Uwamwezi.

Jolie alisimama. Alikuwa kweli na kitenge kipya, cha maua ya njano. Uwamwezi aliketi wima.

"Miye ni mugeni hapa," alianza Jolie, akiwa amekunja mikono mbele kama mtu anayeshuhudia kanisani. "Nilifika na beseni ku kichwa, sina muntu, sina hata mufariji. Munajua sambaza inanukaka. Fasi zote balinifukuza. Lakini huyu Maman, Mungu amubariki, hakunikatalia hata siku moja."

Uwamwezi alidhani hajasikia vizuri.

"Siku moja," Jolie aliendelea, na sauti yake ikatetemeka vizuri sana, "alitundika nguo nyeupe ya bibi harusi. Miye nikaogopa. Nikataka kurudi. Yeye mwenyewe akaniita. Akasema: pita, mwana yangu, hapa ni nyumba ya bantu, na weye pia uko muntu."

Makofi yalianza kwa wanawake na kuenea kwa wote. Mzee mmoja alifuta jicho. Josiane, aliyekuwa amechoka na mikutano ya watu wanaogombania sentimita, alipiga makofi pia. Uwamwezi alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka mbele ya mtaa mzima, na kilemba chenyewe kilishonwa kwa nyuzi zake.

Alisimama. "Muongo!" alipiga kelele. "Muongo huyu! Nilimukatalia! Nilimufukuza miye mwenyewe! Nilimuambia arudishe harufu yake Bukavu! Habimana, weye ulikuwa pale, ulicheka!"

Habimana alitazama viatu vyake kwa huzuni ya jirani mwema.

Kiongozi wa mtaa aliinua mkono, na upole wake ulikuwa umekwisha. "Mama. Maneno kama hayo juu ya ndugu zetu wa ng'ambo hayasemwi hapa. Umesemwa vizuri, na wewe unajitukana? Kaa chini kabla jambo hili halijawa lingine."

"Ni uzee," alisema mtu.

"Ni ile cherehani. Imemupanda ku kichwa."

Jolie, bado amesimama, alimtazama kwa macho makavu na akasema kwa utaratibu, "Nakusamehe, Maman," jambo ambalo lilipigiwa makofi tena.

Ikabaki kupiga kura. Huku kura za mtaani hupigwa kwa miguu: wanaoshindana husimama mbele, na kila mkazi huenda kupanga mstari nyuma ya yule anayemkubali. Kiongozi alimweka Habimana upande wa njia ya watu wote, na Uwamwezi upande wa ua wenye mwenyewe. Anayesimama mbele hutakiwa kutazama mbele. Kugeuka kuhesabu watu wako ni kukosa adabu. Kwa hiyo Uwamwezi alitazama mbele na kusikiliza miguu. Ilikuwa mingi. Ilipita kushoto kwake kwa muda mrefu, na katika hiyo alizitambua ndala alizozisikia asubuhi zote za maisha yake.

Kisha akasikia miguu nyuma yake. Mtu mmoja. Pumzi yake ilikuwa karibu na shingo. Uwamwezi alisahau adabu, akageuka. Alikuwa ni mlevi wa kule chini.

"Papa," kiongozi alimwita, "unajua unasimama kwa ajili ya nini?"

"Hapana," alisema mlevi. "Lakini hii laini ni fupi."

Uwanja mzima ulicheka, hata Josiane. Wakamshika mkono kwa upole na kumpeleka kwenye mstari mrefu.

Nyumba ilivunjwa kiangazi. Uwamwezi alilipwa alichostahili kwa mabati, matofali na kibaraza, na hakuna aliyemwibia hata kidogo. Katika jengo jipya alipewa chumba juu kabisa, kwa nyuma, kinachotazama maghala ya saruji. Hapo aliweka cherehani yake. Lifti ilibaki kwenye mchoro. Mtu mwenye suruali iliyochanika hapandi ngazi za ghorofa nne akionekana na kila mtu. Anafunga sweta kiunoni na kwenda zake. Wateja wake wa zamani walimwambia kwa mapenzi kwamba watapanda, siku moja watapanda. Pale chini, duka la Habimana lilipangishwa kwa fundi kijana mwenye cherehani ya umeme.

Njia yenyewe ilifaulu. Jioni watu walitembea humo na watoto wao, wakila mahindi, na wachuuzi walipewa meza halali za kuuzia. Jolie alipata moja, chini ya mti, karibu na pale lilipokuwa jiko. Sambaza zake zilikuwa safi, zimefunikwa kwa wavu. Uwamwezi aliposhuka kununua chumvi alipita mbele yake, nao walisalimiana, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama.

Mwaka ulipogeuka, mradi ulileta wageni kutoka miji mingine waje kujifunza. Uwamwezi alisikia Josiane akimwita toka chini. Hakuitika mara ya kwanza. Mara ya pili alifikiri kwamba wageni waliosafiri mbali huwa na vifungo vilivyokatika, akachukua sindano na uzi mweusi, akashuka.

Wageni walikuwa wamevaa fulana mpya za mradi, na hakukuwa na kifungo hata kimoja juu yao. Josiane alimshika bega. Aliwaambia kwamba njia hii haikunyang'anywa mtu, ilitolewa na moyo wa mama huyu, na kwamba hata alipopewa sifa hadharani alizikataa. Wageni walipiga makofi. Wakamsimamisha katikati yao, wakamwomba atabasamu, wakapiga picha, kisha wakapiga nyingine kwa sababu katika ya kwanza alikuwa amefumba macho.

Mmoja wao, mwanamume mnene mwenye adabu, alibaki nyuma wenzake walipoendelea kutembea.

"Mama, na nyumba yako ilikuwa wapi hasa?"

Uwamwezi alimwonyesha, kwa mkono wenye sindano. Mwanamume alitazama pale kwa muda unaotosha, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akasogea karibu zaidi na kumuuliza kwa sauti ya chini choo kiko wapi.

Uwamwezi alimwonyesha na hicho.